Mpimeni Tezi Kabla ya Kumhukumu

Mwanamke akinenepa katika mji huu, kesi yake husikilizwa asipokuwepo. Wifi atasema amejiachia. Shoga zake wa kikoba watasema raha zimemkolea, bwana anamtunza. Bwana mwenyewe, kama ni wa aina hiyo, ataanza kuitazama picha ya harusi ukutani na kuguna. Na mama huyo akijikokota hadi hospitali, atapandishwa kwenye mizani, atatolewa damu, na kolesteroli ikionekana iko juu, hukumu ile ile ya sebuleni itagongwa muhuri wa kitaalamu: mama, punguza chipsi, acha vya kukaanga, fanya mazoezi. Ataandikiwa kidonge cha kushusha kolesteroli na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Hakuna atakayemshika shingo. Hakuna atakayemuuliza kwa nini amevaa sweta mwezi wa Februari, Dar es Salaam, saa nane mchana.

Hili linaniudhi, na linaniudhi zaidi kwa kuwa swali ambalo halikuulizwa lina jibu la kipimo kimoja cha damu.

Shingoni, chini kidogo ya koromeo, kuna tezi ya thairoidi. Homoni zake hufika karibu kila kona ya mwili na kuuamuru uende kwa kasi gani. Tezi hiyo ikilegea, kila kitu hupunguza mwendo. Moyo hupiga taratibu. Choo hufunga. Ngozi hukauka, nywele hukatika, nyusi hupungua upande wa nje, sauti hukwaruza, hedhi huwa nzito, mikono hufa ganzi usiku. Mtu husahau jina la mwanafunzi aliyemfundisha mwaka mzima. Huzuni humshika asijue imetoka wapi. Na ini, ambalo ndilo linalosafisha damu na kuondoa ile kolesteroli mbaya iitwayo LDL, hulegea pia. Ini huinasa LDL kwa vipokezi vilivyo juu ya seli zake, na homoni ya thairoidi ndiyo inayolihimiza litengeneze vipokezi hivyo. Homoni ikipungua, vipokezi hupungua, LDL hubaki ikizunguka kwenye mishipa. Ini pia huigeuza kolesteroli kuwa nyongo, na kazi hiyo nayo huzorota. Mama wa namna hii anaweza kula mchicha na dagaa wa kuchemsha mwezi mzima, akarudi maabara, akakuta namba imekaa pale pale. Kisha anaambiwa anadanganya.

Haya si maarifa ya jana. Mwaka 1930 madaktari wa Marekani walichapisha katika jarida la tiba la New England vipimo vya kolesteroli vya wagonjwa wa thairoidi, wakaonyesha kwamba tezi ikilegea kolesteroli hupanda, na tezi ikizidisha kazi kolesteroli hushuka. Enzi hizo homoni yenyewe haikupimika kama leo, kwa hiyo kolesteroli ikawa mojawapo ya alama walizozitegemea kumbaini mgonjwa wa tezi. Waliona kolesteroli iko juu, wakaihoji shingo. Sisi tuna kipimo cha TSH, homoni inayotoka kichwani kuisukuma thairoidi ifanye kazi, ambayo hupanda pale tezi inaposhindwa. Maabara nyingi huhesabu 0.4 hadi 4 hivi kuwa ndiyo kawaida. Tuna kipimo hicho, tunaona kolesteroli iko juu, na tunamhoji mama amekula nini.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu statini, vile vidonge vya kushusha kolesteroli. Ni dawa nzuri na zimewaepusha watu wengi na kifo cha moyo. Aliyewahi kupata shtuko la moyo au kiharusi asiiache dawa yake kwa sababu ya makala ya gazeti. Lakini chukua ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la statini uisome. Katika orodha ya mambo yanayoongeza hatari ya misuli kuumia, utaikuta thairoidi iliyolegea ambayo haijatibiwa. Misuli ikiumia vibaya, seli zake hupasuka, na mabaki yake huenda kuzielemea figo. Miongozo ya madaktari wa Ulaya na Marekani inamtaka daktari, kabla ya kuitibu kolesteroli, ajiridhishe kwamba haisababishwi na ugonjwa mwingine, na thairoidi iliyolegea imetajwa humo kwa jina. Kumpa mtu statini bila kumpima tezi ni kuruka hatua iliyoandikwa.

Namfahamu mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyerukwa hivyo. Kolesteroli yake ilikuwa juu, uzito ulipanda, miguu ikamuuma. Alipoanza kidonge cha statini maumivu yakazidi, akashindwa kupanda ngazi za darasani. Hospitali aliyokwenda ilimwambia kwamba mtu wa mwili ule hawezi kukosa maumivu ya miguu. Akaendelea hivyo mpaka daktari kijana, aliyekuwa bado kwenye mafunzo ya vitendo, akaisikia sauti yake ilivyokwaruza, akasimama nyuma yake, akampapasa shingo na kumwambia ameze mate. TSH yake ilikuwa juu mno. Alipotibiwa tezi, kolesteroli ilishuka na kile kidonge cha statini hakikuhitajika tena. Kilichomliza aliponisimulia ni zile jioni alizolala na njaa akiamini yeye ndiye mlafi.

Nani atamrudishia jioni hizo?

Sasa wapo watakaoishika makala hii kama ngao ya kila kilo. Hao nawaambia waziwazi: tezi haielezi unene wote. Chama cha Thairoidi cha Marekani kinaeleza kwamba uzito unaoletwa na tezi iliyolegea kwa kawaida ni kama kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa yake ni chumvi na maji yaliyong'ang'ania mwilini. Mtu aliyeongezeka kilo 30 asitarajie kidonge cha tezi kimwondolee zote. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Wengi wao hawana ugonjwa wa tezi. Wana soda mezani kila siku, kazi ya kukaa, na mafuta ya kukaangia yanayorudiwa mpaka yanageuka rangi. Na ndiyo sababu hasa kipimo kinahitajika. Katika umati huo wote, aliye na tezi iliyolegea hatofautishwi kwa macho, na sisi tumejipa uhakika wa kumtambua kwa kumwangalia tumbo.

Na huyo mwenye tezi anapotibiwa, ndipo ushauri wa chakula na mazoezi unapoanza kuwa wa haki. Kabla ya hapo mnamwambia akimbie mtu ambaye kuamka tu kitandani ni mradi. Homoni ikishakaa sawa, mwili unakubali kazi. Hapo azungumze na sahani yake kama sisi wengine: ugali nusu ya ule aliozoea, mboga ziongezeke, maharage, kunde, choroko na bamia zirudi mezani, kwa maana utomvu na nyuzinyuzi zake husaidia kuondoa kolesteroli tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Mafuta yanayopandisha LDL zaidi ni yale mazito yanayoganda: samli, mafuta ya nyama, mawese, nazi. Najua ninaposema nazi nawagusa watu wa pwani, nami siwaambii waiache. Tui jepesi, si kila siku, na samaki badala ya nyama ya mafuta. Kabichi na mihogo ambayo watu wenye tezi hukatazwa kwa vitisho, ikipikwa vizuri na kuliwa kwa kiasi, haina shida kwa mtu anayepata madini joto ya kutosha.

Maneno hayo ya mwisho, madini joto, ndiyo yaliyozaa biashara ninayoichukia kuliko zote.

Ni kweli kwamba tezi hutengeneza homoni yake kwa madini joto, na kweli kwamba yakikosekana watu huumia sana. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilichunguzwa na madaktari wa Kibelgiji tangu miaka ya 1960: udongo ulikosa madini joto, chakula kikuu kilikuwa muhogo ambao usipoandaliwa sawasawa huacha sumu inayoizuia tezi, na watu wengi walikuwa na rovu, wengine wakazaliwa na akili na kimo kilichodumaa. Nyanda zetu za juu nazo zina historia ya rovu. Ndiyo maana Kenya ililazimisha chumvi iwekwe madini joto mwaka 1978, na Tanzania ikatunga kanuni zake miaka ya 1990. Hiyo ilikuwa kazi njema ya serikali. Halafu leo anatokea mtu na simu yenye kamera nzuri, anawaambia akina mama waache chumvi ya dukani kwa kuwa ni ya viwandani, wanunue chumvi ya mawe ya rangi ya waridi, ambayo madini joto yake ni haba kabisa. Anawavua kinga iliyopiganiwa kwa miongo, na anawatoza bei mara kadhaa ya ile ya chumvi ya kawaida.

Mwenzake anauza kinyume chake: mwani uliosagwa na kutiwa kwenye chupa kama dawa ya tezi. Sina ugomvi na wanawake wa Paje na Jambiani wanaoingia majini kulima mwani. Hiyo ni kazi ngumu na ya heshima. Ugomvi wangu ni na anayeutia lebo ya uongo. Mahali ambapo chumvi ina madini joto, sababu kubwa ya tezi kulegea ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, ugonjwa unaobeba jina la Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani aliyeueleza mwaka 1912 kwa wagonjwa wanne, wote wanawake. Tezi inayoshambuliwa namna hiyo haikosi madini joto. Ukiyamimina kwa wingi unaweza kuizidishia ulegevu.

Wa tatu ni muuza vidonge vya kupunguza tumbo. Huyu ni wa hatari kuliko wote. Vidonge vya kukonda vinavyosifiwa kuwa ni mitishamba mitupu vimekutwa mara nyingi, katika nchi mbalimbali, vikiwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwenye moyo. Vingine vimekutwa na homoni ya thairoidi yenyewe, imefichwa ndani. Mtu asiye na ugonjwa wa tezi akimeza homoni hiyo ili akonde, anauchochea moyo uende mbio bila sababu. Marekani walijaribu aina moja ya homoni hiyo kushusha kolesteroli kwa wanaume waliowahi kupata shtuko la moyo, katika utafiti mkubwa ulioitwa Coronary Drug Project. Kolesteroli ilishuka. Lakini waliokufa katika kundi hilo walizidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 dawa hiyo ikasitishwa. Kwa hiyo anayekuuzia kidonge kisicho na jina kwa ahadi ya kilo 10 kwa mwezi anacheza na moyo wako, na anajua kwamba ukianguka hutajua wa kumshitaki.

Katikati ya kelele zote hizi, tiba yenyewe ipo na ni ya zamani. Mwaka 1891 George Murray, daktari wa Newcastle nchini Uingereza, alimdunga mama wa miaka 46 maji yaliyokamuliwa kwenye tezi ya kondoo. Mama yule alikuwa amevimba, mzito, hana uchangamfu. Akapata nafuu na kuishi miaka 28 zaidi akiendelea na tiba hiyo. Siku ya Krismasi mwaka 1914 Edward Kendall akaitenga homoni yenyewe katika Mayo Clinic. Leo tunayo levothairoksini, kidonge kidogo kinachotengenezwa na viwanda vingi, kilichomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dozi kamili ya mtu mzima ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ingawa wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishwa chini sana ya hapo.

Lakini kidonge hiki kina masharti, na wagonjwa wetu hupewa kidonge bila masharti. Kinamezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa na kahawa hukizuia kufyonzwa. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na vya kupoza kiungulia hukizuia zaidi, kwa hiyo vikae mbali nacho kwa saa 4. Fikiria mama mjamzito anayetoka kliniki na vidonge vya damu mkononi, akaambiwa ameze vyote asubuhi ili asisahau. Mwezi wa Ramadhani mfungaji anaweza kukimeza anapolala, saa 3 au zaidi baada ya kula, au akaamka mapema kabla ya daku. Ni jambo la kupangwa na daktari kabla mwezi haujaandama, na ni dakika 5 za mazungumzo. Kidonge hiki pia hakipendi joto, mwanga wala unyevu. Boksi husema kihifadhiwe chini ya nyuzi 25, nasi tunakitoa kwenye karatasi yake, tunakitia kwenye kibahasha na kukiweka juu ya friji Mombasa au Tanga. Kisha TSH isiposhuka, mgonjwa anaambiwa hamezi dawa.

Na kuna mtego mwingine ambao hata wahudumu wengi hawautaji. Nywele zikikatika, wanawake hukimbilia vidonge vya biotini, vya nywele na kucha. Biotini kwa wingi huvuruga baadhi ya mashine za maabara, TSH ikasomeka chini kuliko ilivyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya vipimo kuvurugwa namna hiyo mwaka 2017. Mtu aache biotini siku 2 au zaidi kabla ya kutolewa damu, na aseme kwamba alikuwa akiitumia. Dozi ikibadilishwa, TSH ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu homoni hukaa mwilini muda mrefu na kupima mapema ni kupoteza hela. Kolesteroli nayo ingoje hapo. Ikiwa TSH imetulia na LDL bado iko juu, basi statini iingie, na hapo inaingia kwa haki. Wala si kila TSH iliyopanda kidogo inadai kidonge: utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017 kwa watu wa miaka 65 na zaidi ulikuta kwamba waliopanda kidogo tu hawakupata nafuu ya uchovu kwa kumeza levothairoksini. Daktari apime, arudie, afikiri.

Nimebakiza kundi linaloniuma kuliko yote: wanawake waliojifungua. Kuna uvimbe wa tezi unaowapata kiasi cha mwanamke 1 katika 20 ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuzaa. Kwa baadhi yao tezi huchachamaa kwanza, kisha hulegea. Kwetu, mwaka huo ndio mwaka ambao hakuna kinachoonekana kuwa ugonjwa. Mzazi amelala sana, ni uzazi. Amenenepa, ni mtori na uji wa mama mkwe. Nywele zinamtoka, kila mzazi hutokwa nywele. Analia jikoni peke yake, ana deko. Mtoto anapelekwa kliniki kila mwezi, anapimwa uzito, anachanjwa, anaandikwa kwenye kadi. Aliyembeba mtoto huyo mgongoni hadi kliniki haulizwi hata swali moja juu ya mwili wake.

Kwa hiyo nataka mambo haya yafanywe, na nayataka kwa wizara za afya, Dodoma na Nairobi. Pasiwepo mtu anayeandikiwa statini kwa mara ya kwanza bila TSH kwenye faili lake. Bima ilipie kipimo hicho pale kolesteroli inapokuwa juu, bila kumtaka mgonjwa aombe kibali dirishani. Levothairoksini ipatikane hospitali ya wilaya mwaka mzima, ya kiwanda kile kile kadiri inavyowezekana, kwa sababu kubadilisha kiwanda kila mwezi huyumbisha dozi. Kliniki ya mtoto iwe na maswali matatu kwa mama yake: uchovu, baridi, huzuni. Na nyinyi madaktari mnaosoma hapa, simameni nyuma ya mgonjwa, wekeni vidole shingoni, mwambieni ameze mate. Haichukui hata dakika moja.

Nawe dada, au kaka, maana wanaume nao huupata ingawa ni wachache, kama uliambiwa mwaka jana kwamba kolesteroli yako iko juu, karatasi ya majibu haiko mbali. Iko kwenye droo, au kwenye ule mfuko wa vyeti chini ya kitanda. Itoe usiku huu. Zitafute humo herufi tatu, T, S na H. Usipoziona, rudi na karatasi hiyo hiyo kwa aliyekuandikia dawa, ukae kwenye kiti, na usiinuke mpaka akujibu kwa nini hazimo.